Njia Nyeupe Mpaka Bahi

Jumatano, saa 9:20 alasiri. Ipagala.

Chumba kilikuwa nyuma ya saluni. Dirisha moja, limezibwa kwa khanga. Upande wa pili wa ukuta wanawake walikuwa wakisukwa na kucheka, na draya ilinguruma kama lori lililokwama mlimani. Kilichosemwa humu ndani kiliishia humu ndani. Ndiyo maana Ambokile alikikodi.

Watu wanne. Meza moja. Juu ya meza, pale ambapo majambazi wa zamani wangetandaza ramani ya karatasi, palikuwa na kifaa cheusi, bapa, ukubwa wa daftari la shule, chenye kioo mbele.

"Huyu ndiye dereva," Ambokile alisema, akikigonga kwa ukucha.

Cornel alikuwa amekaa mkabala naye. Dereva alikuwa yeye. Alikuwa na miaka arobaini na sita, kumi na tisa kati ya hiyo kwenye usukani wa malori ya shirika la umma, mpaka shirika lilipouzwa kwa mwekezaji na madereva wakapewa barua na kushikwa mkono. Alikitazama kile kidubwasha kama mke mkubwa anavyomtazama mke mdogo siku ya kwanza.

Ambokile alikuwa amekitoa Dubai. Mnyakyusa, mrefu, shati limenyooka hata kwenye joto la alasiri. Ndiye bosi. Alieleza taratibu. Setilaiti inajua gari liko wapi. Ndani ya kifaa mna mwanamke anayesema Kiingereza: kata kushoto, kata kulia. Yahaya, Mrangi wa Kondoa, mtu wa maneno machache na bastola moja, alikwisha kumpa mwanamke huyo jina. Alimwita Shangazi, kwa sababu hakuna asilolijua na hakuna aliyemwomba ushauri.

"Lakini hiyo ni nusu," Ambokile aliendelea. "Nusu ya pili ni huyu."

Alimwonyesha Brightness. Msichana wa miaka ishirini na saba, kompyuta ya mapajani mbele yake, simu tatu zimepangwa kama sabuni dukani. Alikuwa amefanya kazi kwenye chumba cha kuongoza safari katika kampuni moja ya malori yaendayo Rwanda na Kongo. Kule alikuwa akiyaona malori yote kwenye kioo na kuwatumia madereva habari za njia: daraja limekwenda na maji, foleni ya mizani, zungukia huku. Alipoacha kazi aliondoka na ule mtambo wa kompyuta, na hakuaga.

"Nina watu watatu barabarani wenye simu," alisema. "Wananipigia, mimi nabonyeza hapa. Kwenu mstari unabadilika papo hapo. Mweupe, njia nyeupe. Wa njano, foleni. Mwekundu, pamefungwa, msithubutu. Na gari lenu nitaliona. Hiki kidoti."

Halafu Ambokile akaweka mpango mezani.

Damas, dalali wa Mpwapwa. Tangu mawe mekundu yafumuke Winza mwaka uliopita, ndiye aliyekuwa akiwanunulia wageni. Kesho asubuhi anakuja Dodoma na rubi za mwezi mzima. Ndege ndogo inamsubiri uwanjani saa tatu na nusu. Barabara yake ni moja, na inapita mbele ya Bunge. Bunge linaanza saa tatu. Kuanzia saa mbili na nusu trafiki wanasimamisha magari kila mkubwa anapopita.

"Hatumsimamishi sisi," Ambokile alisema. "Polisi watatusimamishia."

Hata Cornel alitabasamu.

"Tukishachukua, barabara ya Kondoa. Mjomba wake Yahaya, Mzee Abubakari, ana nyumba Kolo, milimani. Tunalala siku tatu. Basi."

"Na kifaa kikikosea?" Cornel aliuliza.

"Hakikosei."

"Jana kimeniambia nikate kulia. Kulia kuna ukuta wa kanisa. Nikaenda mbele, kikanipeleka kwenye mizabibu ya watu. Bosi, mji huu nusu ya barabara zake zilichorwa tu, hazijawahi kuchongwa. Hicho kinasoma michoro."

"Mzee," Ambokile alisema, na lile neno la heshima likatoka bila heshima, "kesho kazi yako ni kuendesha. Kufikiri kuna wenyewe."

Cornel alilimeza.

Wengine walipotoka, Brightness alimwita. Alimmiminia chai kwenye kikombe cha bati, akamgeuzia kompyuta. "Nionyeshe, Mzee Cornel. Barabara zisizokuwepo." Wakakaa saa nzima. Cornel alionyesha, Brightness alifuta. Hii haipo. Hii ina korongo. Hii masika haipitiki. Ndiye peke yake katika genge lile aliyewahi kumuuliza kitu na kungoja jibu.

Alhamisi, saa 2:41 asubuhi.

Gari lilikuwa shangingi jeupe lililoibwa Iringa, namba bandia. Msimu wa Bunge, shangingi jeupe Dodoma ni kama mbuzi mnadani, hakuna anayeliuliza linakwenda wapi. Lilisimama kwenye uchochoro wa vumbi pale Ipagala, pua ikiitazama barabara kuu. Shangazi alikuwa amebandikwa kwenye kioo cha mbele.

Ambokile alikaa mbele, suti nyeusi, tai nyekundu. Yahaya nyuma, kaunda suti, faili la kahawia mkononi. Simu ya Ambokile ilikuwa wazi, sauti ya Brightness ikitoka.

"Amepita Ihumwa. Hilux ya bluu. Dereva, Damas mbele, mlinzi mmoja nyuma na bunduki."

Mwanamke mmoja alipita na ndoo ya maji kichwani.

"Yuko Nanenane sasa. Sogeeni mita ishirini. Hapo hapo."

Kwenye kioo, mstari wa barabara kuu ukageuka njano. Halafu mwekundu.

"Trafiki kanyoosha mkono," Brightness alisema. "Nahesabu. Magari sita yamesimama. Saba. La nane ni lake."

Hilux ya bluu ikasimama hatua kumi kutoka mdomo wa uchochoro wao, kana kwamba mtu ameiweka kwa mkono.

Saa 2:53.

Ving'ora vilisikika kwa mbali. Watu wote wakageuza shingo upande mmoja. Ambokile na Yahaya wakashuka bila haraka, kama waheshimiwa wawili waliochoka kusubiri.

Cornel aliona yote kupitia kioo cha mbele. Yahaya alifungua mlango wa nyuma wa Hilux akakaa karibu na mlinzi kama ndugu yake. Faili likalala juu ya mapaja ya yule mtu. Chini ya faili kulikuwa na bastola. Ambokile aliinama dirishani kwa Damas.

"Mkubwa anapita. Tulia. Mkoba."

Damas aliukumbatia. Ulikuwa mkoba wa shule wa mtoto, una picha ya sungura, na ndani yake hotipoti ya plastiki. "Ndugu yangu, mali hii si yangu."

"Ndiyo maana haitakuuma."

Pikipiki zikapita. Magari meusi yakapita. Bendera zikapita. Askari pale mbele alikuwa amewapa mgongo, amepiga saluti. Yahaya alitoa risasi kwenye bunduki ya mlinzi, akazitia mfukoni.

Sekunde arobaini. Walikuwa wamerudi garini kabla vumbi la msafara halijatua. Cornel aliingiza gia ya nyuma, akarudi kinyumenyume hadi kwenye kona. Shangazi akasema kwa Kiingereza chake cha puani, kata kushoto. Kushoto kulikuwa kweupe. Kulia kulikuwa kweupe. Kila walipofika, njia ilikuwa imewafungukia.

Ilimuuma kukiri, lakini kazi ilikuwa safi. Katika maisha yake hakuwahi kuona kazi safi hivyo.

"Umeona, Mzee?" Ambokile alicheka. "Umeona mashine?"

Saa 3:06.

Walizunguka nyuma ya Miyuji wakaifuata barabara ya Kondoa. Mbele yao milima ya kaskazini ilikuwa ya kijani, masika yalikuwa yameipa mwezi mzuri. Yahaya alianza kupiga mluzi. Nyumbani kulikuwa mbele.

Mstari ukageuka mwekundu.

Cornel alipunguza mwendo. "Nini?"

Ambokile alishika simu. Sauti ya Brightness haikutetemeka. "Wamefunga Msalato, Bosi. Difenda mbili za polisi na misumari. Habari imeshawafikia. Geukeni. Njia ya Bahi nyeupe."

"Bahi siyo mpango," Yahaya alisema.

"Mpango ni kutokukamatwa."

Wakati ule ule basi la Kondoa likaja mbele yao, limejaa, mizigo juu. Cornel alimtazama dereva wake. Yule mtu alikuwa ameegemea mlango, anatafuna muwa.

"Bosi, Msalato pako wazi."

"Umejuaje?"

"Dereva anatafuna muwa. Basi lililojaa vile likutane na difenda mbili, dereva wake anapita hapa ametoa macho, anatafuta leseni yake iko wapi. Halafu angenipigia taa. Hakupiga. Njia iko wazi, naapa."

"Shangazi anasema pamefungwa."

"Shangazi hana macho!"

"Brightness anayo. Matatu. Geuza gari."

Cornel aligeuza. Alihisi hasira ikimpanda shingoni kama chawa. Miaka kumi na tisa barabarani, ajali sifuri, na leo anaongozwa na kioo. Alikata mashariki ya Mnadani, akatokea Nkuhungu, akashika barabara ya Singida. Kwenye kioo mstari ulinyooka mbele yao mweupe kama uzi wa mshonaji.

Saa 3:38.

Baada ya Nala ujenzi ulianza. Mkandarasi alikuwa amevuruga kila kitu. Lami mpya hapa, kifusi pale, mchepuko kila baada ya kilomita mbili, na tope la Aprili magurudumu yalikolala. Ramani ya kifaa ilijua barabara ya zamani tu. Kila Cornel alipoingia mchepuko, Shangazi alipiga kelele kwamba wamepotea. Rudi nyuma. Rudi nyuma. Ukipata nafasi, rudi nyuma.

"Mzime huyo," Cornel alisema.

"Abaki."

"Ananichanganya, Bosi! Nashindwa hata kusikia injini."

"Abaki, nimesema. Bila yeye sisi vipofu."

Gari lilizama shimoni, likainuka. Hotipoti ikagonga ndani ya mkoba. Ambokile aliupakata kama mtoto mchanga.

Yahaya aliongea kutoka nyuma, taratibu. "Sipendi njia hii. Sina ndugu Bahi. Mtu akiumia hapa tunampeleka wapi?"

"Hakuna atakayeumia."

"Hata siku ile ulisema hivyo."

Wote watatu walijua siku ile. Miaka miwili nyuma, duka la jumla la Gairo. Walikuwa na kijana aliyeitwa Thomas, mcheshi, mwepesi wa miguu. Mlinzi akampiga risasi ya tumbo. Walipokuwa wakikimbia kurudi Dodoma Ambokile alisema hospitali watataka fomu ya PF3, na PF3 inatoka polisi, na polisi watauliza. Akaamuru ashushwe. Yahaya alimshika miguu. Ambokile alifungua chupa ya pombe kali, akalala mpaka Dodoma. Cornel alikuwa kwenye usukani. Alikanyaga mafuta.

"Thomas yuko Zambia," Ambokile alisema sasa, akitazama mbele. "Alipita Tunduma. Ndivyo ilivyo."

"Bosi," Yahaya alisema, "mimi nilikuwepo."

Saa 4:02.

Walipita Kigwe. Nchi ikaanza kushuka. Kwa mbali mbuga ya Bahi iling'aa, maji na mpunga, na ndege weupe wamesimama kama vitambaa vilivyoanikwa.

Lori la nondo likaja mbele. Dereva alipiga taa mara mbili. Halafu akatoa mkono dirishani, kiganja chini, akaupigapiga hewani. Punguza.

Lugha ile haikuhitaji setilaiti. Kila dereva kutoka Tunduma mpaka Rusumo anaijua.

"Polisi mbele."

"Njia nyeupe," Ambokile alisema. Alionyesha kioo. Kilikuwa kweli cheupe mpaka Bahi na kuendelea.

"Bosi, yule mtu katoka huko sasa hivi."

Ambokile alipiga simu. "Brightness. Mbele vipi?"

"Nyeupe, Bosi. Mtu wangu yuko Bahi stesheni, anakunywa chai. Kanyageni."

"Umesikia, Mzee."

Cornel aliendesha. Alihesabu kimoyomoyo. Dakika moja, hakuna gari linalokuja. Mbili. Tatu. Barabara ya malori ya Rwanda, saa nne asubuhi, dakika nne nzima haiji hata baiskeli. Aliachia mafuta.

"Kwa nini unapunguza?"

"Hakuna kinachokuja. Barabara isiyoleta gari imezibwa mbele. Wamezuia magari yote upande wa pili ili wasipigane risasi katikati ya watu. Bosi, wanatusubiri."

"Kanyaga."

"Nisikilize, mara moja tu katika maisha yako, nisikilize mimi..."

Kitu kigumu kikamgusa mbavuni. Ambokile alikuwa ametoa bastola. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Tangu jana unapinga," alisema kwa sauti ya chini. "Jana hukitaki kifaa. Leo Msalato pako wazi. Sasa hapa pamefungwa. Unataka kutupeleka wapi, Cornel? Nani anakusubiri? Umetuuza kwa nani?"

Cornel alitaka kucheka. Alitaka kulia. Yeye peke yake ndani ya gari lile alikuwa akisema kweli, na kweli yake ndiyo iliyomweka kwenye mdomo wa bastola.

"Bosi, mwache aseme," Yahaya alinong'ona.

"Nyamaza! Kanyaga, Mzee. Nahesabu tatu. Moja."

Mbele kulikuwa na pinda refu. Cornel alilijua. Baada ya pinda kuna daraja dogo, na daraja ndipo yeye, kama angekuwa polisi, angeweka difenda. Kabla ya pinda, kushoto, tuta la wakulima wa mpunga lilitoka barabarani kuelekea reli. Tuta lilipitisha trekta. Huenda lingepitisha shangingi.

"Mbili."

Alikata usukani.

Bastola ililia. Paja la kulia la Cornel likapigwa kama kwa nyundo, kisha likawa moto. Gari liliruka juu ya tuta. Yahaya alijirusha mbele, akamkaba Ambokile mkono, risasi ya pili ikatoboa paa. Cornel alishikilia usukani kwa meno yaliyokazwa. Mita mia. Mita mia mbili. Halafu udongo wa tuta, uliolowa mwezi mzima, ukakatika upande mmoja kama mkate. Shangingi likalala ubavu taratibu, likateleza, likakita pua ndani ya jaruba.

Injini ikazima. Vyura wakanyamaza.

Shangazi akasema wamekosea njia.

Saa 4:15.

Ambokile alitoka kwa dirisha, mkoba kifuani. Hakuangalia nyuma. Alikimbia katikati ya mpunga, suti nyeusi, kila hatua ikizama mpaka gotini. Kutoka kwenye pinda, difenda ya kwanza ilikuwa tayari inaonekana. Walikuwa wameusikia mlio.

Wanawake waliokuwa wakipalilia wakainua migongo. Mmoja akapiga ukunga. Ukunga ukapokewa jaruba la pili, la tatu, mpaka relini, na wanaume wakaanza kutokea na majembe. Ambokile akafyatua risasi juu kuwatisha. Hilo ndilo lililommaliza. Polisi barabarani walidhani anapiga watu. Cornel alimwona akisimama ghafla, kama aliyeitwa jina, kisha akaketi ndani ya maji. Hakuinuka. Mkoba wa sungura ulielea kidogo, hotipoti ikafunguka, na mawe ya mwezi mzima wa Winza yakazama kwenye tope la mpunga.

Yahaya alikuwa bado garini. Alikuwa amevua koti la kaunda suti, analifunga paja la Cornel juu ya jeraha. Mikono yake ilikwenda haraka.

"Unaweza kusimama, kaka?"

"Mfupa umekwenda."

"Nikubebe?"

"Utafika wapi na mimi? Kimbia."

Yahaya hakukimbia mara moja. Alimtazama Cornel, na Cornel alijua anachokiona. Alikuwa anaona mtu mwingine aliyeshushwa.

"Siyo wewe unayeniacha," Cornel alisema. "Mimi ndiye nakuambia nenda. Ni tofauti."

"Nisamehe, kaka."

"Nenda."

Alikwenda, ameinama, akifuata tuta la reli. Siku ya tatu walimkamata Kigwe akiomba maji ya kunywa.

Cornel alibaki peke yake, gari limeinama, damu ikishuka viatuni. Alikuwa amesema kweli Miyuji. Alikuwa amesema kweli Kigwe. Haikumsaidia kitu. Alipiga ngumi kwenye usukani mara moja, mara mbili, honi ikalia na kuwarusha ndege weupe.

Kwenye mfuko wa shati simu yake ikatetemeka.

Saa 4:21.

"Shikamoo, Mzee Cornel."

Mazoea ni mazoea. "Marahaba," alijibu.

"Umeumia?"

"Paja. Bosi wako kanipiga. Sasa naye hayupo."

Nyuma ya sauti yake palikuwa na kelele za stendi. Wapiga debe. Honi za mabasi.

"Nimeona kidoti kimetoka barabarani," Brightness alisema. "Nikajua ni wewe umekataa."

"Umetuuza."

"Ndiyo."

"Msalato palikuwa wazi."

"Palikuwa wazi. Polisi niliwaambia Bahi."

Cornel alifumba macho. "Wamekupa nini?"

"Sijaomba kitu." Alivuta pumzi. "Thomas ni kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Maji ya jaruba yalikuwa yameanza kuingia chini ya mlango. Cornel aliyaona, hakuusogeza mguu.

"Tuliambiwa yuko Zambia," Brightness aliendelea. "Mama anamwekea chakula kila Jumapili. Sahani inakaa mpaka jioni, halafu anawapa majirani. Nikamtafuta Ambokile. Nikakaa naye miezi minane, Mzee, unajua maana ya kukaa naye. Siku moja kalewa, akasema kuna mmoja aliharibu kazi, tukamshusha. Nikamuuliza wapi. Akasema hajui, alikuwa amelala. Dereva ndiye anayejua."

"Kwa nini hukuniuliza? Jana tulikaa saa nzima."

"Ningekuuliza ungemwambia."

Labda angemwambia. Miaka miwili alikuwa mtu wa kutii.

"Nani alikuwa kwenye usukani?" Sauti ya Brightness sasa ilikatika kwa mara ya kwanza. "Sema wewe mwenyewe."

"Mimi."

"Alikuwa hai mlipomshusha?"

"Alikuwa hai."

Kelele za stendi zikaita Morogoro, Morogoro, moja tu imebaki. Kule kwenye jaruba askari wanne walikuwa wameanza kuja, wameinua bunduki juu ya maji, wakipepesuka.

"Nilirudi," Cornel alisema. "Kesho yake. Nilidandia lori la kokoto nikashuka pale. Nilikuwa na maji na glukosi, nilidhani... Nilimkuta amekwisha kufa. Amejivuta mpaka kivulini. Niliazima sepeto kwa wachoma mkaa, nikamzika. Nilitaka kumsomea kitu. Nilichokumbuka chote ni Baba Yetu, nikaisoma mara tatu. Sikumwambia mtu. Hata mke wangu."

Brightness alikuwa akilia sasa, bila kujificha, kama watu wanavyolia stendi.

"Hukumwacha porini," alisema.

"Nilimwacha. Halafu nikarudi. Usivichanganye."

"Nielekeze, Mzee."

"Hapo hapamo kwenye kompyuta yako."

"Nina kalamu. Nielekeze."

Askari walikuwa mita hamsini. Mmoja alipiga kelele, toka, mikono juu. Cornel aliinua mkono wa kushoto juu kabisa, wa kulia ukabaki sikioni.

"Panda basi la Morogoro," alisema, polepole, kama anavyomwelekeza utingo mgeni. "Mwambie konda akushushe Pandambili. Ukishuka, rudi nyuma kwa miguu kama unakuja Dodoma. Mkono wako wa kushoto. Utapita kalavati la kwanza, usisimame. La pili, usisimame. La tatu ukingo wake umevunjwa na gari, nondo ziko nje."

"La tatu. Nondo nje."

"Hapo shuka korongoni. Masika kutakuwa na maji kidogo, vua viatu. Fuata mchanga kwenda juu..."

Mlango ulivutwa kwa nguvu. Mdomo wa bunduki ukaingia kwanza, kisha uso wa askari kijana, tope mpaka kifuani, anahema.

"Tupa simu! Tupa simu chini!"

Cornel alimtazama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado juu.

"Afande, nisubiri kidogo," alisema. "Namwelekeza mtu kwa ndugu yake." Akageuza uso. "Unanisikia, mwanangu? Hatua mia mbili hivi. Utaona mgunga uliopasuliwa na radi. Upite, uende kwenye mdogo ulio nyuma yake."